Kreta Copernicus: shimo la Mwezini linalosomwa kwa kifusi chake

Mtaani Nakuru ukitaja kreta hakuna anayeuliza ni ipi. Ni Menengai, lile bonde la duara lililo nyuma ya mji, upana wake kama kilomita 12 kwa 8, kuta zake zikishuka karibu mita 500 hadi kwenye lava nyeusi na mvuke wa visima vya jotoardhi. Mtu aliyekua akiiona Menengai, siku akielekeza darubini Mwezini na kukuta mashimo ya duara yamesongamana, husema papo hapo kwamba Mwezi umejaa volkeno. Si ujinga kufikiri hivyo. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alidondosha risasi kwenye udongo laini uliolowa, akapata mashimo yanayofanana sana na yale ya Mwezini. Hata hivyo aliliacha wazo hilo, maana hakuona mawe ya kuupiga Mwezi yangetoka wapi, akarudi kwenye maelezo ya joto la ndani. Wataalamu wengi walibaki upande huo kwa karibu miaka 300.

Leo hakuna shaka: karibu mashimo yote ya duara unayoyaona Mwezini yalichimbwa na mawe yaliyotoka angani. Ila ukilitazama shimo peke yake, ni vigumu kulitofautisha na kaldera, yaani bonde la volkeno iliyozama, kama Menengai. Ushahidi umelala nje ya ukingo, katika kile kilichotupwa. Kreta nzuri ya kujifunzia kusoma ushahidi huo ni Copernicus, kwa kuwa ni kubwa, si ya zamani sana kwa hesabu za Mwezi, na imekaa kwenye uwanda mweusi ambapo kila kilichorushwa bado kinaonekana.

Ukubwa wake, na kwa nini picha hudanganya

Copernicus iko upande wa Mwezi unaotutazama, karibu digrii 10 kaskazini ya ikweta ya Mwezi na digrii 20 magharibi ya mstari wa kati. Upana wake ni kilomita 93. Chora mstari ulionyooka kutoka Nakuru hadi Kericho: miji yote miwili, pamoja na milima ya Mau iliyo katikati, ingeingia ndani ya kreta hiyo. Kutoka juu ya ukingo hadi sakafuni ni kilomita 3.8.

Sasa gawanya. Kilomita 93 kwa 3.8 ni kama 24 kwa 1. Hilo si sufuria, ni sinia. Picha nyingi hulionyesha kama kisima kirefu kwa sababu zimepigwa jua likiwa chini na vivuli vimerefuka. Ungesimama katikati ya sakafu, kuta zisingekuzingira kama za shimo. Zingekuwa safu ya milima kwenye upeo wa macho, kimo chake kama upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono.

Kreta ndogo ndizo zenye umbo la bakuli. Mwezini, kreta yenye upana usiofika kilomita 15 hivi huwa na kina cha karibu moja ya tano ya upana wake. Zikizidi hapo, kuta hushindwa kujibeba, huporomoka kuelekea ndani, na shimo linapanuka huku likipoteza kina. Duniani mpaka huo hufika mapema zaidi, kwenye kilomita 2 hadi 4, kwa sababu mvuto wa Dunia ni mara sita ya ule wa Mwezi na huziangusha kuta ambazo Mwezini zingesimama.

Kuitazama ukiwa Kisumu au Nakuru

Kuchagua usiku ni muhimu kuliko kuchagua darubini. Wengi hutoka nje Mwezi ukiwa mpevu, na huo ndio usiku mbaya kuliko yote kwa kutazama milima na mashimo. Wakati huo jua linaipiga Copernicus karibu utosini, na vivuli vyote vimetoweka, kama mjini Kisumu saa saba kasoro robo mchana mwishoni mwa Machi, mtu anapokanyaga kivuli chake mwenyewe. Utaona doa jeupe lenye miale, basi.

Unachohitaji ni alfajiri ya huko. Jua huchomoza Copernicus kama siku moja na nusu baada ya nusu Mwezi, yaani usiku wa nane au wa tisa tangu Mwezi kuandama. Usiku huo Mwezi hupita karibu na utosi wetu mnamo saa mbili, na hapo shingo inaumia na miguu mingi ya darubini inagoma kuelekea juu kiasi hicho. Subiri hadi saa nne au saa tano, Mwezi ukiwa umeinama upande wa magharibi.

Ramani nyingi za Mwezi zimechorwa kwa jicho la Ulaya, kaskazini ikiwa juu. Hapa ikweta Mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, kwa hiyo ramani hiyo haikai sawa. Ukitazama magharibi, izungushe robo mzunguko kwa mwendo wa mishale ya saa, kaskazini ielekee kulia. Mare Crisium, lile doa jeusi la mviringo lililojitenga na mengine, litakuwa chini. Mpaka wa mwanga na giza utakuwa juu. Copernicus itakuwa kwenye mpaka huo, kulia kidogo ya katikati. Hayo ni kwa macho au kwa darubini ya macho mawili. Darubini ya kutazamia nyota hupindua picha juu chini, na yenye kioo cha kona hugeuza kushoto kuwa kulia. Kwa hiyo anza kwa kuitafuta Mare Crisium ndani ya darubini yenyewe, kisha ugeuze ramani ilingane nayo.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, lenzi za milimita 50) inaonyesha pete na kivuli ndani yake, mradi viwiko viegemee ukuta au paa la gari. Darubini yenye lenzi ya milimita 70, ikikuza mara 80 hadi 100, inatosha kuonyesha vilele vya katikati na kuta zilizopangika ngazi kwa ngazi. Usiiweke mahali ambapo utaangalia juu ya mapaa ya mabati mapema usiku. Bati lililochomwa na jua mchana kutwa hutoa hewa moto inayopanda, na Mwezi utacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Simama kwenye nyasi. Nakuru, ambako usiku ni baridi, umande hukaa kwenye lenzi. Zungushia mdomo wa darubini karatasi ngumu inayotokeza kama sentimita 15, wala usifute lenzi kwa shati, kwa kuwa vumbi litaikwaruza.

Ukifika kwa wakati, jambo la kwanza utakaloona ni pete ya mwanga inayoelea gizani. Ukingo umepata jua, sakafu bado. Jua la Mwezini hupanda polepole, nusu digrii tu kwa saa, kwa hiyo una muda. Saa chache baadaye vinatokea vinukta vya mwanga katikati ya weusi: vilele vya kati, vinavyofika kama kilomita 1.2 juu ya sakafu, vimelikuta jua kabla ya uwanda unaovizunguka. Jua likifika digrii 5, ukuta wa mita 1,000 hutupa kivuli cha zaidi ya kilomita 11 kwenye ardhi tambarare. Ndivyo wataalamu wa nyota walivyopima milima ya Mwezi kabla ya chombo chochote kufika huko: pima urefu wa kivuli, ujue kimo cha jua, na hesabu ya pembetatu inamaliza kazi.

Kosa moja huwapata wengi. Ghafla kreta inaonekana imetuna kama mkate badala ya kubonyea. Jicho limezoea mwanga unaotoka juu, na Mwezi ukiwa umelala kama wetu mwanga unatoka chini. Jikumbushe jua liko upande gani. Katika shimo, ukuta wa ndani ulio upande wa jua ndio wenye giza, na ule wa mbali ndio unaong'aa. Katika kilima ni kinyume chake.

Kilichotokea

Karibu miaka milioni 800 iliyopita, jiwe lenye upana wa kilomita chache liliupiga Mwezi. Mawe ya aina hiyo kwa kawaida huja kwa kasi ya kilomita 15 hadi 20 kwa sekunde. Kwa kasi ya kilomita 20, umbali wa Nakuru hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka unakatwa kwa sekunde saba. Kwa kasi hiyo kila kilo ya jiwe hubeba nishati sawa na karibu kilo 50 za baruti ya TNT, hata kama jiwe lenyewe haliwezi kulipuka. Mwendo peke yake unatosha.

Hapa ndipo mkanganyiko wa karne tatu ulipofunguka. Waliopinga wazo la mawe ya angani walikuwa na hoja nzito: mawe yangekuja kutoka pande zote, mengi yakiwa yameinama, basi mbona kreta karibu zote ni duara? Ukirusha jiwe kwa kuinama kwenye tope, linaacha shimo refu kama yai. Grove Karl Gilbert wa Marekani aliyeamini mawe ya angani alihangaika na swali hilo hilo katika miaka ya 1890. Jibu, ambalo Charles Gifford wa New Zealand alilieleza vizuri mwaka 1924, ni kwamba jiwe halichimbi kama jembe. Linaposimama ghafla, nishati yote hugeuka wimbi la mshtuko na joto mahali pamoja, kama mlipuko, na mlipuko husukuma pande zote sawa bila kujali jiwe lilikuja na pembe gani. Ni pale tu jiwe linapokuja limelala sana, chini ya digrii 15 hivi, ndipo kreta huanza kurefuka.

Wimbi hilo la mshtuko lilizama ardhini likiponda na kuyeyusha mawe. Nyuma yake mawe yakaanza kusogea, chini na nje, kisha juu na nje, yakitoka kama pazia lenye umbo la faneli. Kwa dakika moja au mbili hivi palikuwa na shimo jembamba na la kina zaidi kuliko la leo. Halikudumu. Sakafu iliyokandamizwa ilirudi juu, na kuta zikakatika vipande vikubwa vilivyoteleza kuelekea ndani. Vipande hivyo ndivyo matuta unayoyaona kwenye kuta za Copernicus. Kwa mbali yanafanana na matuta ya shamba la mteremkoni Vihiga, isipokuwa kila tuta lina upana wa kilomita kadhaa.

Sakafu iliyoinuka iliganda ikiwa vilele vitatu vya kati, vimepangika takriban mashariki kwa magharibi. Watu hukosea hapa kwa sababu ya Menengai na Longonot: wanadhani kilima katikati ya kreta ni koni ya volkeno iliyoota baadaye. Sivyo. Kilele cha kati ni mawe ya chini yaliyoletwa juu kutoka kilomita kadhaa, yakakwama. Vipimo vya mwanga vya miaka ya 1980 vilionyesha vilele vya Copernicus vina olivini kwa wingi, madini ya kijani mazito ambayo hayajitokezi kwa wingi hivyo kwenye uso wa uwanda unaovizunguka. Kreta imetuchimbia sampuli ambayo hakuna mashine ya kuchorongea iliyowahi kuifikia Mwezini.

Mawe yaliyoyeyuka yalitulia sakafuni kama uji unaopoa. Nusu ya kaskazini ya sakafu ni laini kwa sababu hiyo. Ya kusini imejaa vilima vya kifusi.

Karai la unga

Sehemu ya haya inaweza kuonekana mezani. Chukua karai au beseni lenye kina cha sentimita 10 au zaidi. Weka mchanga mkavu hadi sentimita 6, juu yake unga wa ngano sentimita 2, kisha chekecha kakao au udongo mwekundu mkavu hadi unga ufunikwe, tabaka jembamba la milimita 2 tu. Mpangilio huu una sababu: Copernicus ilipiga uwanda wenye basalti nyeusi, yaani lava iliyoganda, juu na mawe meupe ya zamani chini yake. Dondosha gololi kutoka mita 1, kisha nyingine pembeni kutoka mita 2. Pima upana wa kila shimo na urefu wa mistari meupe.

Kuongeza kimo maradufu huongeza nishati maradufu, lakini shimo hupanuka kidogo tu, kama moja ya tano. Ili kulifanya shimo kuwa na upana maradufu unahitaji nishati ya karibu mara 16. Ndiyo maana kreta ya kilomita 93 inataka mgongano wa kutisha.

Yanayoharibika: ukitumia udongo wenye unyevu, utapata shimo lenye kingo kali na hakuna miale hata mmoja, kwa kuwa chembe zimeshikana. Ukigandamiza unga kwa mkono, gololi hudunda. Ukiweka kakao nene, weupe haufiki juu. Na ukirusha gololi kwa kuinama, shimo litakuwa refu, jambo lililomhangaisha Gilbert, kwa sababu gololi yako inakwenda mita 4 au 6 kwa sekunde na hailipuki. Karai linaonyesha kifusi na miale kwa uaminifu. Halionyeshi matuta wala vilele vya kati. Vitu hivyo huzaliwa pale tu uzito wa kuta unaposhinda nguvu ya mawe, na shimo la sentimita tano halina uzito huo.

Kando ya shimo

Anza kwenye ukingo wa Copernicus uende nje. Kwa kilomita 30 hivi ardhi inateremka polepole, karibu kilomita moja kwa jumla, kutoka ukingo ulioinuka hadi uwandani. Mteremko huu ni tandiko la kifusi: mawe ya karibu na ukingo yalitupwa kwa kasi ndogo yakaanguka jirani, yakarundikana. Kadiri unavyotoka nje, rundo linakuwa jembamba na linaanza kuonyesha mistari iliyoelekea nje, kama alama za ufagio uwanjani. Picha iliyowafanya watu waone mandhari hii kwa mara ya kwanza kama mahali pa kusimama ilipigwa Novemba 1966 na chombo cha Lunar Orbiter 2, kikiwa kimo cha kama kilomita 45, kikitazama kaskazini juu ya sakafu, vilele na matuta ya ukuta wa mbali. Magazeti yaliiita picha ya karne, na ukiiona unaelewa.

Kisha tandiko linakatika na mashimo madogo yanaanza. Haya hayakuchimbwa na mawe ya angani bali na mabonge yaliyorushwa kutoka Copernicus yenyewe, na kuyatambua ni stadi ambayo kila mtazamaji wa Mwezi anapaswa kuwa nayo. Hayana duara safi. Ni ya kina kifupi, yamejipanga kwa minyororo, na mengi yana mikunjo ya kifusi iliyochora umbo la V, ncha ikielekea kreta mama. Sababu ni kasi. Kitu kinachorushwa kutoka Mwezini kwa zaidi ya kilomita 2.4 kwa sekunde hakirudi. Hivyo kila kilichorudi kilipiga kwa kasi ndogo kuliko hiyo, mara nyingi ndogo mno, na mlipuko kamili haukutokea.

Mahali pa kuyaona ni mashariki ya Copernicus, kwenye Stadius. Stadius ni kreta ya kilomita 69 iliyozama. Lava ya zamani iliifunika hadi ukingo wake ukabaki mistari hafifu, nayo inaonekana tu jua likiwa chini. Juu yake pametawanyika mamia ya vishimo kama bati lililopigwa mvua ya mawe. Ukifanya hesabu ya mrusho kwa mvuto wa Mwezi, bonge lililofika Stadius lilirushwa kwa kasi ya kama mita 500 kwa sekunde na likakaa hewani, au tuseme angani, dakika saba au nane. Fikiria ukimya wa dakika hizo: kreta imeshafunguka, na mawe makubwa kuliko nyumba yanakwenda bila sauti juu ya uwanda, yakianza kuanguka moja baada ya jingine. Mnyororo mmoja unaendelea kaskazini-magharibi kutoka Stadius, na kwa darubini ndogo unafanana na ufa kwa jinsi vishimo vilivyoshikana.

Mbali zaidi kuna miale, hadi kilomita 800. Umbali huo ni sawa na kutoka Nakuru hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Miale si kuta wala mitaro; haina kivuli wakati wowote. Ni tabaka jembamba la vumbi na vipande, likichanganyika na vumbi la pale lilipoangukia. Ya Copernicus haikunyooka kama ya Tycho, kreta ya kusini ambayo miale yake huvuka nusu ya Mwezi. Hii imesukwa, imejikunja, kama nywele zilizotawanyika. Weupe wake unatokana zaidi na aina ya mawe: vipande vyeupe vya chini vimelala juu ya basalti nyeusi. Kwenye kreta changa zaidi kuna chanzo kingine cha weupe, yaani mawe mapya yaliyopondwa, na huo hufifia kadiri upepo wa jua na vimondo vidogo mno vinavyoyachosha.

Kusini, karibu na ukingo, kuna jozi ya kreta zilizoungana kama tundu la funguo, Fauth na mwenzake. Ni alama nzuri ya kuhakikisha kuwa uko mahali sahihi. Kaskazini ni safu ya Montes Carpatus, sehemu ya ukingo wa bonde kubwa la Imbrium lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,100. Na kama kilomita 300 upande wa mashariki na kaskazini kidogo kuna Eratosthenes, kilomita 58, yenye matuta na vilele kama Copernicus lakini bila miale.

Nani alitangulia

Weka hivyo vyote juu ya meza moja na utaona mpangilio wake. Imbrium ilitangulia, karibu miaka bilioni 3.9 iliyopita, kwa sababu Carpatus ni ukingo wake na lava imekuja kuufunika kwa sehemu. Stadius nayo ilikuwepo kabla ya lava, maana imezama ndani yake. Eratosthenes imekaa juu ya lava, haikufunikwa, basi ni ya baadaye; miale yake imeshapotea. Miale ya Copernicus na vishimo vyake vimelala juu ya lava, juu ya Stadius, hata juu ya Eratosthenes. Kilicho juu ni cha mwisho. Mwanajiolojia Eugene Shoemaker wa Marekani alitumia eneo hili hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutenganisha enzi za Mwezi, na enzi mbili za mwisho bado zina majina ya kreta hizi mbili. Alijua namna ya kutafuta. Mwaka 1960 yeye na wenzake walikuwa wamepata Arizona, kwenye shimo la upana wa kilomita 1.2, kwazi iliyobadilishwa kuwa koesiti, madini yanayohitaji shinikizo ambalo volkeno haliwezi kutoa juu ya ardhi. Hilo hulipati Menengai ukitafuta mwaka mzima.

Mpangilio hautoi miaka, unatoa zamu tu. Miaka ilitoka kwenye udongo. Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kilitua kama kilomita 400 kusini ya Copernicus, mahali palipopitiwa na mwale wake, na Pete Conrad na Alan Bean wakakuta vumbi la kijivu cheupe chini ya lile jeusi. Baadhi ya vipande walivyoleta vilikuwa vimepashwa joto kali kiasi cha kutoa gesi ya agoni iliyokuwa imekusanyika ndani, na saa yao ikaanza upya. Ikisomwa maabara, inaonyesha miaka milioni 800 hivi. Kama mwale ule ni wa Copernicus kweli, huo ndio umri wa kreta, na wataalamu wengi wanaukubali.

Mawe ya kale ya ukanda wa dhahabu wa Migori yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yaani mtu anayevunja jiwe kule Nyanza anashika kitu chenye umri wa mara tatu ya Copernicus. Menengai, kwa upande wake, haijafikisha miaka milioni moja, na tayari mvua, mito na lava mpya vimebadilisha sura yake. Mwezini hakuna mvua. Kinachokula kreta ni mawe mengine.

Menengai na jamaa zake wa huko juu

Sasa tofauti inasemeka wazi. Menengai ilizama: chumba cha magma kilichokuwa chini kilimwaga yaliyomo, paa likakosa cha kulishikilia, likashuka. Umbo lake si duara kamili. Iko juu ya mlima mpana uliojengwa na volkeno yenyewe, na majivu yaliyofunika miteremko yake yalitoka chini kwa njia ya matundu, hayakung'olewa na kutupwa na pigo. Nje yake huna minyororo ya vishimo iliyoelekeza ncha kwake, huna tandiko la mawe ya tabaka la chini lililopinduliwa juu ya lile la juu, huna miale. Copernicus ina vyote vitatu, na sakafu yake iko chini kabisa ya uwanda unaoizunguka.

Volkeno za kweli zipo Mwezini, na chache ziko jirani. Kama kilomita 250 magharibi na kusini kidogo ya Copernicus kuna kreta ndogo ya Hortensius, na kaskazini yake tu zimekaa kuba sita za lava, pana kwa kilomita chache na zenye miteremko ya taratibu mno, nyingi zikiwa na tundu dogo juu. Usiku jua linapochomoza Copernicus, bado ziko gizani. Rudi usiku unaofuata, saa nne, ukiwa na darubini ya milimita 100 au zaidi na ukuzaji wa mara 150. Jua likiwa limepanda digrii mbili tatu tu pale, utaona kila kuba kama tone, upande mmoja mwanga na mwingine kivuli laini kisicho na ukingo mkali. Kesho yake vivuli vimeisha, na hazionekani tena.